Tunapikia mkaa kwa sababu ya mita moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba sisi wakazi wa Dar es Salaam hatuachi mkaa kwa sababu ya mazoea na ukaidi, na kwamba waume zetu wametuharibu kwa kusema wali wa mkaa ndio mtamu. Kwenye utamu sibishani naye. Ila mimi ni mwenye nyumba, Tandika, Temeke, na katika nyumba yangu jiko la umeme ni marufuku kwa amri yangu mwenyewe. Nimeiandika kwenye mkataba wa kila mpangaji, mstari mmoja na pasi na hita ya maji. Sababu yake naona haiguswi kwenye hotuba za nishati safi, kwa hiyo acha niieleze mimi.

Nyumba yangu ni ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani choo, bafu na banda la kupikia. Chumba kimoja naishi mimi na mjukuu wangu, vitano nimepangisha. Kuna dereva wa bodaboda na mkewe na watoto wawili, mama anayechukua samaki soko la Feri, mwalimu wa chekechea, fundi simu ambaye bado hajaoa, na mzee mmoja mlinzi na familia yake. Familia sita, paa moja, mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba za namna hii si zangu peke yangu. Nenda Buguruni, nenda Manzese, nenda Vingunguti, Mbagala ile ya zamani, utachoka kuzihesabu.

Umeme tunachangia. Mwanzo wa mwezi napita na daftari: mwenye friji anatoa zaidi, mwenye taa na redio anatoa kidogo, fundi simu ana kiwango chake kwa sababu ya vifaa vyake. Uniti zikiisha kabla ya siku, ugomvi. Nani amelala na feni? Nani kachomeka pasi usiku? Nimewahi kuwa karani wa hesabu katika kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu mpaka nilipostaafu, na nakwambia hesabu za mishahara ya wafanyakazi wa zamu tatu zilikuwa nyepesi kuliko za LUKU ya vyumba sita. Sasa aingie mtu na jiko la koili, linalokula uniti kama moto wa makuti. Wenzake watano ndio watakaomlipia. Ndiyo maana nimepiga marufuku, na mwenye nyumba yeyote jirani yangu atakwambia hivyo hivyo.

Hilo ni la ugomvi. La pili ni la bei, na hapa namwomba msomaji mwenzangu achukue kalamu.

Kwa bei zilizopangwa tangu 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni 350. Na mwenye matumizi makubwa anakuwa kwenye kundi la kawaida, ambako uniti ni 292 tangu ile ya kwanza. Zote hizo ni kabla ya VAT na tozo za REA, wakala wa umeme vijijini, na za EWURA. Nia ilikuwa njema: maskini anayewasha taa, redio na kuchaji simu apate umeme wa bei nafuu, mwenye viyoyozi alipe bei yake.

Lakini mita haimwoni maskini wala tajiri. Inahesabu uniti tu. Familia sita kwenye mita moja, kwa macho ya mita, ni mteja mmoja mwenye matumizi makubwa. Chukua kila chumba kinatumia uniti 40 kwa mwezi, na huyo si mtu wa anasa. Sita mara 40 ni 240. Kila chumba kingekuwa na mita yake, jumla yetu ingekuwa shilingi 24,000. Kwa mita moja, kwa bei ya 292, ni shilingi 70,080. Mama wa samaki wa chumba cha nne ananunua uniti karibu mara tatu ya bei anayonunua mtu mwenye nyumba yake peke yake kule ng'ambo ya barabara, mwenye uzio na mbwa, anayeishi na mke mmoja na mtoto mmoja na kujitahidi asivuke 75.

Tusiishie hapo. Tuseme kila chumba kimepata mita, na sasa kila mmoja amenunua lile jiko la presha la umeme na kuongeza uniti 35 za kupikia. Arobaini na 35 ni 75 kamili, hajavuka. Familia sita ni uniti 450, shilingi 45,000. Ongeza VAT na tozo, haifiki 60,000. Yaani tungepika na kuwasha taa nyumba nzima kwa pesa ndogo kuliko tunazolipa leo kwa taa peke yake. Nimeipiga hesabu hii kwa kikokotoo, nikairudia kwa mkono, nikampa mwalimu wa chekechea aikague. Ni hiyo hiyo.

Kwa upande wa pili, mkaa. Kopo kwa muuza mkaa wa kona yetu ni shilingi 1,500, na siku ya maharage halitoshi. Kwa mwezi chumba kimoja kinateketeza shilingi 45,000 kwenye mkaa. Chumba kimoja! Basi huyo anayeambiwa ana ukaidi analipa kwa mkaa wa chumba kimoja kiasi kile kile ambacho kingenunua umeme wa nyumba nzima, kabla ya kodi. Hapendi. Hana njia, kwa sababu kopo linauzwa kila siku, hata nusu kopo utapimiwa, na muuza mkaa anakopesha anayemjua.

Kuhusu uniti 35, wapo watakaosema nimekadiria kidogo. Binti yangu anaishi Kimara kwenye nyumba yenye mita yake, na jiko hilo analo. Anachemsha maharage makavu, yanaiva kabla uniti moja haijaisha, na huku amekaa anaangalia tamthilia. Wali, makande, nyama ya kuchemsha, viazi, yote humo. Ugali anausongea kwingine, chapati nazo kwingine, na sitaki kumdanganya mtu kwamba jiko hilo linachoma chapati. Linauzwa zaidi ya laki moja Kariakoo. Lakini anayetoa 45,000 za mkaa kila mwezi, miezi michache tu limejilipa, akikubaliwa kulichomeka.

Gesi? Nilijua mtaiuliza. Mke wa dereva wa bodaboda alipata mtungi mdogo wa kilo sita kwenye mkutano wa hadhara, bure, na picha akapigwa. Aliupikia mpaka ukaisha. Kuujaza hapa mtaani ni kati ya 23,000 na 25,000 kwa mkupuo mmoja, na hiyo kwa mtu anayepata pesa yake jioni baada ya kumrudishia tajiri hesabu ya pikipiki ni pesa ambayo haikai mfukoni ikasubiri. Mtungi uko uani, watoto wanaukalia. Siikatai gesi, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi inamfaa, na ni afadhali mara mia kuliko moshi. Lakini watu wanachanganya mambo. Gesi asilia ya kisiwa cha Songosongo, iliyoanza kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo mwaka 2004, siyo iliyomo kwenye mitungi ya madukani. Ya mitungi inaletwa na meli kutoka nje, ni zao la mafuta ghafi na gesi ya huko nje, na bei yake inaamuliwa na watu ambao hawajui Tandika iko wapi. Na zote mbili, ya Songosongo na ya meli, zimechimbwa ardhini, zikitolewa hazirudi. Kama tunaondoka kwenye kitu kinachokwisha, kwa nini safari yote iishie kwenye kitu kingine kinachokwisha?

Niseme na huo mkaa unakotoka, kwa kuwa mimi ni Mzaramo wa Maneromango, Kisarawe, na habari hii naijua kwa kuiona. Nikiwa binti, mkaa wa Dar es Salaam ulitoka kwetu na hapo Pugu. Baiskeli zilikuwa zinapita alfajiri zikiwa na magunia mawili, moja nyuma moja ubavuni, mtu anasukuma mlima mzima. Msitu wa Kazimzumbwi ulikuwa giza, na mninga wa kuchongea kitanda hukuufuata mbali. Leo baiskeli bado zipo, na pikipiki, lakini zinabeba vijiti. Muuza mkaa wetu anasema mzigo mzuri sasa ni wa Kilwa, au Handeni, au Kilosa. Ukitaka kujua msitu umekwenda umbali gani, muulize muuza mkaa nauli ya lori, usiulize wataalamu.

Nao watu wa kwetu wanaochoma si majambazi. Mpwa wangu mmoja anachoma. Anakata, anapanga magogo, anafunika kwa majani na udongo, anakesha na tanuri siku kadhaa asije akapitiwa na usingizi likatoboka na kuwa majivu matupu. Katika tanuri hilo la udongo, kilo 100 za kuni kavu zinatoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Zilizobaki zimekwenda hewani. Mti uliochukua miaka mingi kukua unatolewa asilimia 80 au zaidi ya uzito wake kabla haujafika jikoni kwa mtu. Anamlipa mwenye kibali, anakutana na geti la maliasili, na akishauza anabaki na pesa ya unga. Mhogo ungezaa vizuri asingekaa na moshi huo kifuani. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba nchi ilikuwa inapoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka. Kilimo kina sehemu yake kubwa hapo, tusiusingizie mkaa peke yake, lakini pale ambapo lori limepita likachukua magogo, shamba linafuata kwa urahisi.

Na moshi. Uani kwangu jioni majiko matano au sita yanawashwa pamoja kwa mifuko ya plastiki na mafuta ya taa. Mzee mlinzi anakohoa mwaka mzima. Takwimu zinazosomwa na viongozi wetu ni kwamba Watanzania takribani 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kupikia. Sina la kuongeza.

Sasa tazameni kichekesho chenyewe. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanaitumia. Mwaka huo huo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi, megawati 235, na yako mitambo tisa ya aina hiyo, jumla megawati 2,115. Mwaka huo huo tukasikia vituo vingine vya umeme wa maji vimezimwa kwa muda kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Umezidi! Mimi niliyekaa kwenye mgao wa 2006 na ule wa 2011, bwawa la Mtera likiwa matope, nikisikia umeme umezidi nasimama. Na Kishapu kule Shinyanga wamekuwa wakijenga mitambo ya jua. Umeme upo, na mwingi wake sasa unatoka kwenye maji. Jiko lipo Kariakoo. Mpishi yupo uani anafuta machozi ya moshi. Katikati yao kuna kijisanduku kimoja ukutani kinachowahesabu watu ishirini na kitu kuwa ni mteja mmoja tajiri.

Tena bwawa lenyewe linategemea miti ile ile tunayoichoma. Rufiji inakusanya maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na Kilombero ndiyo inayoleta maji mengi zaidi. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi tangu miaka ya 1990. Lori la mkaa linalotoka Morogoro kuja Temeke limebeba sehemu ya kivuli cha vyanzo hivyo. Mambo ya mafuriko ya 2024 kule Muhoro na Utete nawaachia wenyeji, wana vidonda vyao na wana midomo yao. Ninachosema ni kwamba bwawa la shilingi trilioni 6.5 halipaswi kuwashia taa mtaa ambao unapikia miti inayolilisha maji.

Msomaji atauliza: basi wewe mwenye nyumba si uweke mita sita? Nimekwenda kuuliza. Kuunganishiwa mita ya njia moja mjini, mahali pasipohitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Ninayo moja, nahitaji tano: shilingi 1,604,800. Chumba nakipangisha shilingi 50,000, vitano ni 250,000, yaani nikusanye kodi ya zaidi ya miezi sita bila kula, bila kununua dawa ya presha, bila kuziba bati linalovuja. Bado fundi mwenye leseni wa kutenganisha nyaya chumba kwa chumba, achore na ramani yake. Na kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mita zikiwa sita na jengo likabaki moja, nianze kupanda ofisi hii na ile kueleza kwamba sijajenga ghorofa. Wapangaji nao hawawezi kugharamia kitu cha ukutani ambacho wakihama wanakiacha.

Kuna mita ndogo ndogo za kichina zinazouzwa madukani, unafunga kila chumba yako. Nimezifikiria. Zinamaliza ugomvi, kweli, kila mtu anaona alichokula. Bei haziponyi. Mita kubwa pale nje inabaki ni ile ile, na uniti zinabaki za 292.

Ninachoomba kwa wahusika, shirika la umeme Tanesco, EWURA na Wizara ya Nishati, ni hiki. Kwanza wakubali kuhesabu kaya badala ya mita. Mwenye nyumba ya kupangisha apeleke barua ya serikali ya mtaa yenye idadi ya kaya, mjumbe na mtendaji wanatujua kwa majina, na kikomo cha uniti 75 kizidishwe kwa idadi hiyo. Nyumba yangu ingekuwa na kikomo cha uniti 450. Wataogopa udanganyifu, na udanganyifu utakuwepo, kama ulivyo kwenye kila kitu. Lakini wanaweza kuja kukagua. Milango iko wazi, na mimi mchana nipo. Hilo halihitaji waya hata mmoja, ni karatasi na kubadili namba kwenye mtambo wao.

Halafu mita zenyewe watukopeshe. Vijijini mtu ameunganishwa kwa shilingi 27,000 na hakuna aliyesema serikali imefilisika. Sisi wa Tandika tuwekewe mita tano, gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye kila ununuzi wa LUKU. Tunaweza kulipa, maana hiyo 45,000 ya mkaa ipo, inatoka kila mwezi katika kila chumba, ila inakwenda kwa muuza mkaa. Mwaka 2024 tuliambiwa umeme umezidi mahitaji. Wateja wapya ndio hawa, wameshajengewa nguzo, nyaya zinapita juu ya paa lao.

Muuza mkaa nimemsomea barua hii kabla sijaituma, kwa sababu ni jirani na tumezikana. Alicheka. Kisha akaniuliza kama hizo mita zikija, yeye atapewa nini. Nimeona ni swali la haki na ninaliweka hapa kwa wanaopanga mikakati: hapa Dar es Salaam kuna wauza makopo kila kona, na nyuma yao wapo wapakiaji, madereva, na wachomaji kama mpwa wangu wa Maneromango. Sijaona kwenye tangazo lolote mstari wao. Yeye amesema angepewa uwakala wa LUKU na kuuza majiko ya umeme kwa mkopo hapo hapo kwenye kibanda chake, angefagia vumbi la mkaa siku hiyo hiyo. Wateja anawajua, madeni yao anayajua kwa kichwa.

Kifungu changu cha marufuku ya majiko ya umeme kinabaki kwenye mikataba mpaka mita zije au kikomo kibadilishwe. Mikataba yote mitano inaisha Desemba, na nimewaambia wapangaji wangu kwamba majibu yakitoka kabla ya hapo, nitaiandika upya.

Mwenye nyumba,
Tandika, Dar es Salaam